Kaplingi ya Mashine ya Lusewa

Katika karakana niliyolelewa, fundi hakuulizwa kama amepima sawa. Aliulizwa kama ameacha nyama. Nyama ni ule unene mdogo unaobaki juu ya chuma baada ya kukikata, ili tupa ipate cha kula wakati wa kukilinganisha na chuma mwenzake. Aliyekata bila nyama alionekana mtu wa kujiona. Mimi nilikuwa naogopa kukosea, kwa hiyo niliacha nyama nyingi, mpaka mzee wa mashine ya kukereza, aliyenifundisha kazi, akasema ningefaa kufungua bucha.

Naandika haya nikiwa nimefungua madaftari yangu ya miaka ile ya soko huria. Nimeishia darasa la saba na mwandiko ndiyo mali pekee niliyotoka nayo shuleni. Nilikuwa naandika kila jioni, nyumbani Mfaranyaki, mambo ya karakana na bei ya unga na nani kanisema nini. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kinaingia. Injini zilikuja kutoka nchi ambazo hatukujua ziko upande gani wa dunia, na kinu cha kusagia kilitoka kwingine, na mtu alivinunua vyote viwili na kuvifunga pamoja kwa akili yake. Kikivunjika kile kiungo cha katikati, hakikuwa na duka. Hapo ndipo walipokuja kwetu, karakana ya misheni, pembeni ya mji wa Songea. Na katika kuingia huko kwa vitu, tukaletewa msaada wa mashine ya kuchonga vyuma inayoongozwa na kompyuta. Ilikuwa imeshatumika Ulaya mpaka wakaichoka. Ilikuwa kubwa kama kabati la sakristia, ina kioo chenye maandishi ya kijani, na haikuwa na mpini wa kushika. Uliiandikia mstari kwa mstari, kwa herufi na tarakimu: nenda kulia kiasi hiki, shuka kiasi hiki, zunguka kiasi hiki. Nayo ikafuata.

Mkuu wetu alikuwa bruda, Mmatengo, mtu wa maneno machache aliyekuwa amesoma nje miaka mitatu. Alitazama mafundi wote, akanichagua mimi niwe mchoraji wa vipuri vitakavyochongwa na mashine ile. Nilimuuliza kwa nini mimi, na wapo waliofika kidato cha nne. Akasema mwandiko wangu unasomeka. Nilifurahi siku moja. Siku ya pili nilianza kuogopa, na sikuacha.

Nilijifunza kuchora kwenye karatasi za miraba, kipande nikikitazama kwa juu, kwa mbele na kwa ubavu, kisha kukigeuza kuwa mistari ya tarakimu. Tulifanyia mazoezi mbao za msindano. Kulikuwa na vitufe viwili vya kusimamishia. Cha njano kiliifanya mashine ingoje pale ilipo. Chekundu kiliikata pumzi, na ikiwaka tena ilikuwa imesahau iko wapi, kipande chote kikawa kimeharibika. Wiki ya pili nilisikia sauti nikadhani kisu kinagusa jiliwa, kile kibano kinachoshika kipande, nikapiga chekundu. Hakikuwa kinagusa chochote. Mafundi walicheka, na mzee wa kukereza akawa ananiita Profesa wa Breki. Nisimwonee, alikuwa anataniana na kila mtu, na mimi ndiye niliyekosa. Lakini nililiandika jina hilo kwenye daftari mara tatu kwa juma moja, kwa hiyo liliniuma.

Mwezi wa sita, baridi ya Songea ikiwa imeingia, akaja mtu mmoja kutoka Lusewa. Alikuwa fundi baiskeli, mwembamba, amevaa koti la mtumba lililomzidi mabega. Alikuja kwa ajili ya dada yake. Mume wa dada huyo alikuwa amefariki, akaacha watoto wawili wadogo na mashine ya kusaga mahindi, ile ya mawe, iliyofungwa moja kwa moja na injini ya dizeli. Kilichoishikanisha injini na kinu kilikuwa kaplingi, yaani vipande viwili vya chuma vya duara, kila kimoja kina meno matatu, meno ya hiki yanaingia kati ya meno ya kile. Kipande cha upande wa kinu kilikuwa kimepasuka vipande vinne.

Tulidhani ni kazi kama kazi nyingine. Ndipo akatueleza habari yenyewe. Ndugu wa marehemu walikuwa wamekubaliana kwamba mashine ibaki kwa mjane ilimradi inasaga, maana ndiyo itakayolisha watoto. Lakini ilikuwa imesimama miezi minne na zaidi sasa, tangu siku za mwisho za marehemu, na mavuno yalikuwa yameanza, na watu walikuwa wanapeleka mahindi kijiji cha mbali. Kikao cha ukoo kilikuwa Jumamosi. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa ameshapata mtu wa kuinunua injini.

"Amesema hivi," yule fundi baiskeli akatuambia. "Mashine inayosaga ni ya shemeji. Isiyosaga ni chuma, na chuma kinagawanywa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Bruda akauliza kwa nini mwenyewe hakuja, kwa kuwa tulisikia huyo mama ndiye aliyekuwa akiiendesha mashine hata mume alipokuwa hai. Akajibu kwamba dada yake yuko ndani, anakaa eda, zimebaki siku chache, hawezi kusafiri wala kukaa na mafundi. Vipimo vyote alikuwa amevileta yeye. Kipande cha pili cha kaplingi, kile kizima cha upande wa injini, alikileta ndani ya kikapu, kwa hiyo meno niliweza kuyapima mwenyewe. Tatizo lilikuwa tundu la katikati, linaloingia kwenye shafti ya kinu, ule mhimili unaozungusha mawe. Shafti iko Lusewa, haing'oki. Kwa ajili ya unene wa shafti alinipa kijiti cha mwanzi ambacho urefu wake ndio unene wenyewe, kimekatwa pande zote mbili kwa wembe, safi kabisa.

Nilikiweka kwenye kipimo cha chuma. Milimita thelathini na sita.

Ningepaswa kumuuliza alikipataje. Sikuuliza. Alikuwa fundi, mimi ni fundi, na kumuuliza fundi mwenzako kama anajua kupima ni kumvunjia heshima mbele ya watu. Ndivyo nilivyofikiri. Pengine pia nilikuwa naogopa aniulize na mimi.

Kazi kama ile zamani ingeenda kwa mzee wa kukereza, na yeye mwenyewe alisema hivyo, kwamba apewe yeye na tupa zake na siku tatu. Alikuwa sahihi. Lakini mota ya mashine yake ilikuwa imeungua, imepelekwa Mbeya kusukwa upya. Ikabaki mashine ya kompyuta. Na chuma cha ukubwa ule, kizuri, kisicho na mchanga ndani, kilikuwa kimoja. Kilikuja pamoja na mashine, Bruda alikuwa amekifunga kwenye gunia akikitunza kwa kazi ya maana. Alikifungua mbele yangu, akakiweka mezani.

"Kingine hakuna," akasema. "Chora."

Jumanne nilichora. Jumatano nilichora tena, kwa sababu sikuamini mchoro wa Jumanne. Unene wa kaplingi, milimita arobaini. Meno, kina chake, nafasi kati yake. Nilipofika kwenye tundu niliandika thelathini na sita, nikakaa nikilitazama. Tundu likiwa sawasawa na shafti, halitaingia, patahitaji nyundo. Kwa hiyo nikaongeza nusu milimita, nafasi ya kuingilia. Kwa tupa, nusu milimita si kitu, ni upepo. Nikaandika thelathini na sita na nusu. Bruda aliuangalia mchoro, akaangalia kijiti, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Daftari la siku hiyo linasema: "Nimesema ndiyo kwa sababu alinitazama."

Mchana tulichonga ya majaribio kwa mbao. Ikatoka kama mchoro ulivyosema, meno yakaingia kwenye kile kipande kizima kwa raha kabisa. Mafundi wakapiga makofi kidogo. Mbao ile ilithibitisha kwamba mashine inatii. Kwamba niliyoyaandika ni kweli, hilo haikuwa na namna ya kulijua, na mimi siku ile sikuona tofauti.

Alhamisi asubuhi tukafunga chuma chenyewe kwenye jiliwa. Bruda alikaza mwenyewe. Yule fundi baiskeli alikuwa amelala kwa jamaa yake Lizaboni, akaja mapema, akapewa benchi karibu na mlango. Mashine ikaanza na umbo la nje, kisha meno. Kisu kinapokula chuma kina mlio mmoja, na maji meupe ya kupozea yanarukia kioo, na wewe uliyeandika huna kazi ya mikono. Hilo ndilo lililonishinda kulizoea. Ukishika tupa, ukikosea, mkono unakosea kidogo kidogo na unaweza kuusimamisha. Pale kosa lilikuwa limeshaandikwa tangu jana, kama lipo, nalo linakuja kwa zamu yake.

Saa nne meno yakaisha, nikayapima bila kukifungua chuma, yako sawa. Likatobolewa kwanza tundu dogo la katikati, kisha kisu kikarudi kuanza kulipanua kwa kuzunguka, kikishuka milimita mbili kila mzunguko. Mzee wa kukereza alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono mgongoni. Kwa kuwa hakuwa na mashine, alikuwa na muda.

Yule fundi baiskeli alikuja kusimama karibu yangu. Alikuwa na furaha, maskini. Alisema hajawahi kuona chuma kinachongwa hivi, bila mtu kukigusa. Halafu akauliza mafundi watatumia tupa gani kumalizia.

Nikamwambia hakuna tupa. Inatoka hapo imekwisha.

"Haya, lakini msiwe na wasiwasi," akasema. "Mimi niliwaachia nyama. Kile kijiti nilikizidisha kidogo."

Sikumwelewa kwa pumzi moja nzima. Kisu kilikuwa kimeshamaliza mzunguko wa kwanza wa tundu, kinaingia wa pili.

Nyama kwenye kitu cha nje ni akiba. Kipande kikiwa kikubwa, unakipunguza. Lakini kijiti kile kilikuwa kipimo cha tundu, na tundu likiwa kubwa hulipunguzi. Tupa haina uwezo wa kurudisha chuma. Yeye alizidisha kwa hisani, akijua sisi tutasugua. Mimi nikazidisha juu yake kwa mazoea. Na mashine, ambayo haikuwa na hisani wala mazoea, ilikuwa inaikata jumla yetu wote wawili katika chuma pekee kilichokuwepo.

Hapo ndipo ninapojilaumu zaidi kuliko kwenye mchoro. Sikusimamisha. Nilisimama nikifikiri: je, kama amekosea maneno? Je, kama "kidogo" yake ni unywele tu? Nikisimamisha bure mara ya pili, mbele ya Bruda na mbele ya mgeni, nitarudishwa kwenye tupa na itakuwa haki. Niliutazama mkono wangu, ukaenda kwenye kitufe chekundu, nikauvuta, nikautazama tena. Mzunguko wa pili ukaisha. Ukaanza wa tatu.

Nikabonyeza cha njano.

Kisu kikabaki kinazunguka hewani, hakishuki. Bruda akanigeukia. Mzee wa kukereza akasema, taratibu, "Profesa wa Breki," na wala hakucheka, nadhani aliniona uso.

Nikamwomba fundi baiskeli aseme tena mbele ya Bruda alichoniambia. Akasema. Akaonyesha kwa ukucha wa kidole kidogo alivyozidisha. Bruda hakumkaripia. Akaniuliza mimi niliongeza kiasi gani. Ningeweza kunyamaza, maana kosa la mgeni lilikuwa limeshajitosheleza lenyewe, na hakuna ambaye angenichimba. Sijisifu kwamba nilisema. Niliogopa tu kwamba angekwenda kuuangalia mchoro. Nikamwambia: nusu milimita, juu ya ile yake.

"Kimeshashuka wapi?"

"Sita kati ya arobaini."

Akafunga macho kidogo. Kisha akauliza kipimo cha kweli ni kipi. Kilikuwa Lusewa, kwenye shafti. Kwenda Lusewa na kurudi ni siku mbili kama lori lipo. Ilikuwa Alhamisi, kikao Jumamosi. Bruda akamuuliza yule bwana kijiti alikikata kwa kuangalia nini. Aliona haya. Akasema kwamba kipimo hakukipima yeye. Alimpelekea dada yake habari kwamba mafundi watataka unene wa shafti, na dada, kwa kuwa kibanda cha mashine kiko ndani ya ua wake, akaenda mwenyewe, akazungushia uzi. Yeye fundi baiskeli ndiye aliyeutoa urefu wa kijiti kwenye uzi ule.

"Na uzi uko wapi?" akauliza Bruda.

Akaingiza mkono kwenye koti, mfuko wa ndani. Alikuwa nao. Hakuutoa siku ile ya Jumatatu kwa sababu, alisema, aliona si kitu cha kuwapa mafundi, uzi wa kushonea magunia alioufunga mwanamke. Nilitaka kukasirika. Lakini kama angenipa uzi ule Jumatatu, pamoja na kijiti, najua ningeshika kipi.

Uzi ulikuwa na mafundo mawili, madogo, yamekazwa kwa meno. Kati ya fundo na fundo ndiyo mzunguko wa shafti. Tuliunyoosha juu ya rula ya chuma, mimi nashika huku, Bruda kule, mzee wa kukereza kavaa miwani anasoma. Milimita mia moja na kumi na mbili. Kugawa kwa tatu nukta kumi na nne nilikuwa nakumbuka kutoka darasa la saba, lakini nilikosea mara mbili. Ya tatu ikatoka thelathini na tano na zaidi ya nusu kidogo. Bruda akasema uzi nao una unene, utoe. Mzee akaubana kwenye kipimo. Tukatoa. Ikabaki thelathini na tano, pungufu ya unywele.

"Watengeneza shafti wanapenda namba nzima," Bruda akasema. "Ni thelathini na tano. Lakini uzi unavutika. Wewe uliyechora, unaandika ngapi?"

Nilimwangalia mzee, mzee akaangalia dari. Nikasema thelathini na nne nukta nane. Likiwa dogo, nitakwenda Lusewa na tupa ya mgongo wa duara, nililinganishe kwenye shafti yenyewe. Likiwa kubwa, hata kwenda hakuna haja. Bruda akasema niandike. Nikafuta mstari ule mmoja, nikaandika mwingine, nikausoma kwa sauti, akataka niusome mara ya pili. Nikabonyeza kitufe, kisu kikashuka. Milimita sita za juu zilibaki pana, kama mdomo wa kikombe, na chini yake thelathini na nne zenye kipimo kipya.

Ijumaa alfajiri tulipanda lori la mahindi linalorudi tupu, mimi na fundi baiskeli, kaplingi nimeifunga kwenye sweta na tupa mbili zimo kwenye gazeti. Njiani alinilaumu kwa utani, akasema nyie wa mjini mnakata chuma kama mkate halafu mnatafuta wa kumsingizia. Nikamwambia tuko wawili. Akasema, "Basi tugawane, wewe uchukue mfupa." Tukacheka. Baada ya Namtumbo barabara iliharibika tukaacha kuongea. Tulifika usiku umeingia, tukalala.

Jumamosi asubuhi ndugu wa marehemu walikuwa wameshakaa kwenye mkeka nje ya kibanda cha mashine. Kaka mkubwa alikuwa mkulima wa tumbaku, mikono imekuwa ya kahawia kwa utomvu wake, mtu mzima wa heshima. Nilimpa shikamoo akaipokea vizuri. Nataka nimtendee haki, kwa sababu nilikwenda nikiwa nimeshamchukia. Aliniambia, kabla sijafungua chochote, kwamba hana nia mbaya na shemeji yake. Injini iliyolala inaliwa na kutu, na watoto wale ni damu yake, na akiiuza leo watapata kitu, akingoja mwaka watapata chuma chakavu. Sikuona uongo ndani yake.

Mjane alikuwa ndani ya chumba kinachopakana na kibanda, pana mlango, mlangoni pamening'inizwa kanga. Sikumwona hata mara moja. Nilisikia mtoto akilia na kubembelezwa.

Nilijaribu kaplingi kwenye shafti. Haikuingia. Nilishukuru Mungu kwa sauti ndogo, na wale ndugu wakatazamana, maana kwao kutoingia ilikuwa ndiyo habari mbaya. Nikachukua masizi ya kibatari, nikayapaka kwenye shafti, nikaigusisha kaplingi, nikatazama ndani ya tundu pale palipotiwa weusi, nikapapiga tupa. Tena masizi, tena tupa. Nilianza saa mbili. Saa nne kaplingi ilikuwa imeingia nusu. Wazee walianza kuzungumza mambo ya kikao kwa sauti ya chini. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na baridi ipo. Kila nikiinua tupa nilijiuliza kama pigo hili ndilo la kuzidi. Saa tano kaplingi ikateleza mpaka mwisho kwa kusukumwa kwa kiganja, ikakaa, haichezi. Nikatia kile kijichuma cha kuizuia isizunguke peke yake bila shafti, nikakaza skrubu, tukasogeza injini, meno yakaingiliana.

Yule kaka mkubwa akanyanyuka, akaja akainama. Alikuwa na macho mazuri. Akaweka kidole pale kwenye mdomo wa tundu, palipo pana, palipo na nafasi kati ya chuma na shafti.

"Hapa mbona pako wazi?"

Fundi baiskeli alinitazama. Najua alikuwa anataka niseme nini: kwamba ndivyo mashine za kompyuta zinavyotengeneza, kwamba ni nafasi ya grisi. Kaka mkubwa angeamini. Na nilijua nikisema kweli nampa sababu mkononi, mbele ya ukoo wote, siku yenyewe. Mwanamke aliyepima vizuri kuliko sisi sote angenyang'anywa mashine kwa kosa langu na ukweli wangu juu yake.

Sikuwa na muda wa kufikiri kiungwana. Nikasema ni kosa. Nikasema ni kosa langu la kuchora, limekula milimita sita, zilizobaki ndizo zinazoshika.

"Itadumu?"

Nikasema sijui.

Pale mkekani mtu mmoja akaguna. Kaka mkubwa akanyoosha mgongo, akawageukia wenzake, na nikaona anatafuta maneno ya upole ya kulimaliza jambo. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya kanga. Haikuwa kubwa.

"Shemeji, fundi hajui kwa sababu yeye haishi nayo. Mimi ninajua. Ikianza kulegea italia kabla haijavunjika, na mimi nitaizima. Ile ya kwanza ililia siku tatu. Nilisema. Marehemu alisema ni mawe."

Kaka mkubwa alibaki amesimama. Sijui alikuwa anakumbuka nini. Labda ndugu yake, labda siku hizo tatu. Kisha akasema iwashwe.

Fundi baiskeli akazungusha mpini, injini ikakataa, ikakataa, ikawaka. Kibanda kikajaa moshi. Kaplingi ilizunguka mpaka meno yake hayakuonekana tena, na mimi nilikuwa naangalia pale palipo wazi tu, sikuona kingine. Mtu akamimina mahindi. Unga ukaanza kushuka kwenye gunia, na kaka mkubwa akakinga kiganja, akausugua kwa kidole gumba.

"Chenga, haujalainika," akasema, kwa sauti ya juu ili asikike kwenye mlio wa injini. Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa anatoa taarifa, kwa upande wa kanga.

"Kaza mawe," ikajibu sauti. "Robo. Usizidishe."

Gurudumu la kubania mawe lilikuwa karibu yangu, nikalinyooshea mkono. Kaka mkubwa akanizuia kwa kiwiko. Akalishika mwenyewe, mzee yule, akalizungusha robo, akasimama, akageuza sikio kuelekea mlangoni akingoja shemeji yake amwambie kama imetosha.